Mtoto wa Jicho Aliyengojewa Akue

Saa tatu asubuhi, Buguruni, Mwanaasha Sadallah anainamia karai la mafuta na kutega sikio. Anatumbukiza kibua, anangoja. Rangi ya samaki haioni tena.

"Mie nasikiliza tu," anasema. "Kelele zikipungua, ameiva. Na mafuta yakianza kunuka uchachu, namwaga. Mteja simlishi uchafu."

Ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye jiko hili. Jicho la kulia ni giza tupu. La kushoto limebakiwa na ukungu.

Ukungu ulianza miaka minne iliyopita. Binti yake, Najma, akamsihi waende hospitali. Mama akagoma katakata. Mtaani alishaambiwa kwamba mtoto wa jicho hatolewi akiwa mchanga, lazima angojewe akue kwanza.

"Nilimfokea, 'Haraka ya nini, unataka kunipofusha?'" anakumbuka. "Akalia. Na mie nikamwacha alie."

Masikini, mtoto wa jicho akakua kweli. Mwaka jana lenzi ya jicho la kulia ilivimba, presha ya jicho ikapanda, mshipa wa kuonea ukafa. Walipofika kliniki, hapakuwa na cha kuokoa.

Daktari Felicitas alimweleza taratibu. Lenzi ya jicho ina mafuta yake ya asili. Umri na miaka ya jua kali huchangia kuyachachisha, na yakishachacha, mabaki yake huziharibu protini za lenzi mpaka inafifia na kuwa nyeupe.

"Nikamuuliza, ni haya ya karai yameniingia? Akasema, 'Hapana mama, ni ya mwilini mwako mwenyewe.'" Mwanaasha anafuta mikono kwenye kanga. "Ya karai yakichacha namwaga siku hiyo hiyo. Ya jichoni nikayangoja miaka mitatu. Inaniuma, jamani."

Jumanne ijayo anafanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Daktari amempa matumaini, ahadi hakutoa. Mwanaasha anaogopa, wala hafichi.

Najma yuko pembeni anakata ndimu.

"Wakinifungua bandeji, nataka huyu awe mbele yangu," anasema mama yake. "Nimwombe msamaha huku namwona uso. Nikimwomba sasa atanijibu, 'Yameisha, mama,' na mie nisijue kama ni kweli."