Kucha za Daktari

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa msichana wa darasa la tano, mtoto wa fundi cherehani, na jina hilo wenzake walimpachika siku mwalimu wa afya alipotafuta wanafunzi wa kuwafundisha wadogo zao habari za minyoo. Mwalimu alipita akikagua mikono, akafika kwake, akasimama. "Kucha ndizo hizi," akasema, akauinua mkono wake darasa zima lione. Hakuuliza zilikatwa na nini. Watu wazima ndivyo walivyo, wakishapenda kitu hawaulizi.

Zilikatwa kwa meno. Nyumbani mkasi ulikuwapo, lakini ulikuwa wa vitambaa, na mama aliapa kwamba atakayeugusa kwa kazi nyingine watajuana. Basi binti akatafuna tangu mdogo, akiwa na njaa, akiwa na mawazo, hata akisikiliza somo.

Kila Ijumaa mchana alisimama mbele ya darasa la kwanza, akawafundisha kunawa kwa sabuni wakitoka chooni, kuvaa viatu, kufupisha kucha. Alifundisha vizuri, ila alizidisha chumvi. Ili wasisinzie aliwaambia kwamba minyoo ikikomaa hupanda hadi kooni ikachungulia. Watoto wakashika shingo zao, naye akafurahi moyoni.

Ijumaa moja asubuhi, katika choo cha nyuma ya nyumba, aliuona. Mweupe, mrefu kama kamba ya kiatu, na ulikuwa umetoka kwake. Alitaka kumwita mama, akaghairi. Chai hakunywa, kwa kuogopa kuilisha mingine iliyobaki. Njia nzima ya shule alimeza mate polepole, akisikiliza koo lake. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa akitetemeshwa na hadithi aliyoitia chumvi mwenyewe.

"Mbona umenywea leo?" akauliza mwenzake wa dawati moja.

"Tumbo tu."

"Si ujitibu, Daktari?"

Wakacheka wote wawili, Daktari kwa kujilazimisha. Kuliko mnyoo wenyewe, aliogopa kuitwa mchafu. Wangemvua jina hili wampe lingine, na jina la shuleni mtu huzeeka nalo.

Mchana ukafika. Akasimama mbele ya wadogo, midomo mikavu, maneno yote yamemtoroka, na vidole vikapanda vyenyewe mdomoni. Benchi zima la mbele nalo likapeleka vidole mdomoni. Katikati yao alikaa mdogo wake, msichana mfupi wa mviringo waliyemwita Kifungo, akitafuna kidole gumba kwa bidii ya mtu aliye kazini.

"Mnafanya nini?"

"Tunakata kucha," akajibu Kifungo. "Kama wewe, dada. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

Hofu ya asubuhi ilikuwa ya tumbo lake peke yake. Hii ilikuwa nyingine, ya matumbo ya benchi zima. Angeweza kuwakataza tu, siri akabaki nayo. Nusura afanye hivyo. Lakini aliwajua wadogo hawa: wangeacha leo, na kesho wakimwona anatafuna wangeanza tena.

"Toeni vidole," akasema. "Kucha hazikatwi kwa meno. Mimi nilikuwa nazitafuna, na leo nimetoa mnyoo."

Hakuna aliyecheka. Kifungo alimtazama shingoni.

"Utapanda kooni, dada?"

"Sijui. Yale niliyasema ili muogope. Sasa naogopa mimi. Twendeni kwa mwalimu wa afya, sote."

Wakakata uwanja kwa mstari. Mkono mmoja ulimshika Kifungo. Wa pili ulikuwa umeshaanza kupanda, akaushusha, akampa mtoto mwingine na kumwambia aushike kwa nguvu, asiuachie mpaka wafike.