Sufuria ya vinkubala

Mjukuu wangu anasoma ng'ambo ya mpaka, Zambia. Likizo hii alimkuta shemeji yangu nyuma ya jiko akikaanga vinkubala, wale viwavi wa msituni, akakunja uso na kusema kwa Kiingereza: disgusting. Nikamwuliza maana yake.

“Kambo,” ndivyo anavyoniita mimi babu yake, “ni kama tumbo inakataa, kinywa hata haiyaonja bado.”

Nikamwambia hali hiyo naijua tangu nilipooa.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na kwetu vinkubala havikuingia nyumbani. Kwa marehemu mke wangu vilikuwa nyama tamu kuliko zote. Alivikaanga nje, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, katika sufuria ndogo iliyokatika mkono.

“Papa, funga pua, nyama yangu inapita,” alikuwa akiniambia, kisha anakaa mlangoni na bukari yake, ugali wa kwetu, anatafuna kwa nguvu makusudi nisikie. Mimi nilikuwa nikifua mapazia kesho yake kwa sababu ya ile harufu.

Alipofariki, ilibidi nifuate desturi ya kwao: siku ya kumaliza kilio, mume anaonja kwanza chakula alichokipenda marehemu, wakwe wote wakitazama. Sikulala vizuri juma zima. Niliogopa nikishindwa, watadhani niliyemchukia ni yeye mwenyewe.

Mdogo wake, huyo shemeji yangu, akaleta sufuria ileile. Nikatia kinkubala kimoja mdomoni. Nilitaka kumeza kwa ajili yake, nataka kusema kweli, nilitaka sana. Tumbo likakataa. Nikakimbilia nyuma ya nyumba nikatapika.

Niliporudi, mabega ya shemeji yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia.

“Ikala, shemeki,” akasema, akinionyesha kiti na kufuta machozi ya kicheko. “Yaya, muke yako, aliniambiaka: hata ku kilio yangu, ule muntu hatakula. Ungemeza, ningesema umeisha kumusahau.”

Wakwe wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu tumzike.

Mvua zinapoanza na vinkubala kufika sokoni, namwomba shemeji aje avikaange hapa, katika sufuria hiyo. Siku hiyo, baada ya kumsimulia haya, mjukuu wangu aliniona nikifungua dirisha la jikoni.

“Kambo, si umesema unachukia harufu yake?”

“Naichukia,” nikamjibu.

Nikavuta kiti karibu na dirisha. Mapazia sijayafua tena tangu kilio.