Jezi Namba Nane Ilipopunguzwa

Shemeji yangu walimwita Mlingoti, na si kwa sababu ya urefu peke yake. Enzi zake, akisimama chini ya kikapu, timu nzima ilimwegemea yeye. Watu walijaa uwanjani kumtazama yeye, na wale wengine waliokuwa wakikimbia mle ndani ungedhani wamekuja kumsindikiza. Sina sababu ya kumpamba. Alimwoa dada yangu, nami nikaishi kwao tangu nilipomaliza shule, na mwanamume unayemwona kila asubuhi akipiga mswaki huku povu likimtiririka kidevuni hawezi kukulaghai kwa sifa za magazetini.

Timu ilikuwa ya kiwanda cha magodoro. Ukiichezea, kiwanda kinakupa kazi, na Mlingoti alipewa bohari. Siku zile za utukufu hakugusa hata godoro moja. Meneja akipata wageni alimwita asimame nao wapige picha, na wageni hawakuacha kumwuliza analala kitanda gani. "Nalala kwa zamu," alikuwa akijibu. "Kwanza miguu, halafu kichwa." Jibu lilikuwa hilo hilo miaka yote, na miaka yote walicheka.

Dada alikuwa mfua jezi. Baada ya kila mechi gunia lililetwa nyumbani, tukafua sote wawili, tukaanika uani, tukapiga pasi. Siku ya mechi dada alitangulia uwanjani kuzipanga kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kila jezi mahali pa mwenyewe, na namba nane mahali pa Mlingoti.

Sasa, katika timu ile hakuna mchezaji aliyewahi kuambiwa kwa mdomo kwamba ameachwa. Kocha wa kwanza, marehemu, alikuwa na moyo laini, hakuweza kumtazama mtu mzima machoni na kumwambia basi. Akawa anamnong'oneza mfua jezi, na jezi ya mtu huyo haipangwi. Unaingia, unakuta pako peupe, unajua. Unageuka na begi lako. Makocha walibadilika lakini utaratibu ukabaki, maana uliwafaa waoga wote waliofuata.

Mlingoti aliufurahia mno utaratibu huo. "Leo benchi limemtema mtu," alikuwa akisema akirudi, kisha anaigiza jinsi huyo mtu alivyoinama kutafuta jezi yake chini ya benchi, akidhani imeanguka. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Dada hakucheka sana, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa ameikunja jezi hiyo na kuiacha nyumbani.

Halafu yakaja magoti. La kushoto likaanza kuvimba, la kulia likaiga. Asubuhi akawa anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Tumbo likamtangulia, mpira ukawa unamponyoka, vijana wakawa wanaruka juu yake kana kwamba hayupo. Mashabiki wale wale waliokuwa wakiliimba jina lake sasa walipiga kelele, "Mzee, kalale, magodoro yapo!" Akija nyumbani alitusimulia maneno hayo akicheka, utadhani kayatunga mwenyewe. Lakini nilimsikia alfajiri akifunga viatu kwenda kukimbia, na sukari kwenye chai akaiacha. Alikuwa ameapa kumaliza msimu ule na mwingine mmoja, kisha aage mwenyewe, katikati ya uwanja, kipaza sauti mkononi. Hotuba alishaitunga. Niliisikia bafuni mara nyingi, na kila mara ilipofika kwenye kumshukuru dada, maji yalifunguliwa zaidi. Kitu alichobakiza duniani kilikuwa hicho tu, kuaga kwa mdomo wake.

Kocha wa wakati huo alikuwa mchezaji mwenzake wa zamani. Alianza kwa kumbebea Mlingoti begi, akajifunza kwake kurusha mpira. Ijumaa moja, Mlingoti akiwa bohari, alikuja mpaka uani tulipokuwa tunaanua jezi.

"Shemeji, poleni na kazi," akamwambia dada.

"Tumeshapoa. Karibu kiti."

"Sikai." Akachomoa vibanio kwenye kamba, akawa anavifungua na kuvifunga mkononi. "Kesho, ile namba nane..."

Dada aliendelea kuanua, akamwacha aitafute sentensi yake mwenyewe.

"Itavaliwa na yule kijana mpya. Ni mwembamba, kwa hiyo naomba uipunguze ubavuni. Wameamua kule juu, si mimi."

"Basi mwambie mwenyewe."

"Utaratibu si unaujua, shemeji?"

"Utaratibu gani! Mtu kakufundisha kazi, umelala kwenye kochi langu, umekula kwangu. Kaa hapo. Anarudi sasa hivi, umwambie."

Kocha alivirudisha vibanio kwenye kamba, kimoja kimoja, kwa adabu kabisa. "Naomba radhi sana," akasema, akaondoka. Tangu siku hiyo adabu ya mtu hainibabaishi.

Nilimshauri dada asiiguse ile jezi. Akasema akikataa wataipeleka kwa fundi mwingine, na mumewe ataachwa vile vile. "Nitamwambia mimi," akasema. "Nikimaliza kushona tu, namwambia. Asije akayakuta kule." Akaketi kwenye cherehani, akaigeuza jezi nje ndani, akaanza ubavu wa kulia. Nilimwamini, na naapa hata yeye alijiamini.

Mlingoti aliwahi kurudi siku hiyo. Aliinama kupita mlangoni kama kawaida yake, akaiona namba nane chini ya sindano, akauona mshono mpya ulioingia ndani. Uso wake ukafunguka. Sijawahi kuona furaha iliyoniuma kama ile.

"Kumbe umeona!"

"Nimeona nini?" dada akauliza.

"Si nimepungua! Mimi nilidhani najitesa bure, hakuna anayeona. Shemeji, hebu mwone dada yako, ananipunguzia jezi kimya kimya, hasemi kitu."

Mguu wa dada ulisimama juu ya pedali. Nilimkazia macho: sema, sema sasa. Akafungua mdomo. Lakini Mlingoti alikuwa ameshavua shati, mikono juu kama mtoto anayevalishwa. "Lete niijaribu."

Ilimkwama kifuani. Alivuta pumzi, akaingiza tumbo, akaishusha kwa nguvu hadi nyuzi zikalia. "Vipi?" akauliza kwa sauti iliyobanwa.

"Bado kidogo," dada akasema.

Basi aliyachukua maneno hayo kama ahadi. "Leo sili," akatangaza. "Kesho itaingia yenyewe." Akavuta kiti karibu na cherehani, akamshikia dada kitambaa kisiteleze wakati anapunguza ubavu wa pili, huku akitusimulia jinsi kocha alivyokuwa mpole kwake mazoezini wiki nzima. Nilitoka nje. Kama ningebaki ningepasuka.

Tulipopakua chakula dada alijaribu tena. "Mume wangu, hiyo mechi ya kesho..."

"Bibie, usinitie hofu. Kama ni yule kijana mpya, najua ni moto. Nitamfundisha tu, kama nilivyowafundisha wengine."

Dada aliinuka, akaenda jikoni kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Kesho yake alizipanga jezi, akaiweka namba nane kwenye kona ya kijana mpya, kisha akaja kukaa nami jukwaani, karibu na mlango wa kile chumba. Alikuwa amepiga moyo konde: atamdaka mumewe mlangoni, amwambie sikioni, warudi wote nyumbani. Lakini Mlingoti alikuja katikati ya kundi zima la wachezaji, akiwatania kwa sauti, begi begani. Alipotuona alijipiga tumbo kwa kiganja, akatupungia mkono, kwamba limeingia. Dada alisimama. Wachezaji wote wakageuka kumtazama. Akakaa.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na mmoja wao. Mlingoti alikwenda pake, akakuta peupe. Akacheka, akawauliza nani kaificha. Wenzake wakaendelea kufunga viatu. Basi akainama, na magoti yale, akatazama chini ya benchi. Alipoinuka alimwona kijana mpya akiivaa namba nane, akauona ule mshono wa ubavuni. Akakaa pale pake.

Hakutoka na begi kama walivyotoka wengine waliowahi kuachwa. Timu ilitoka bila yeye, na jezi ilimkaa yule kijana barabara, maana dada yangu ni fundi kwelikweli. Mtangazaji alilitaja jina jipya na watu wakashangilia. Mechi nzima Mlingoti alikaa mle ndani, mlango umefungwa, anasikia kelele. Timu ilishinda.

Nyumbani dada alimwekea chakula mbele. Alikitazama muda mrefu.

"Nilikushikia kitambaa," akasema.

"Nilitaka kukwambia. Wallahi nilitaka."

"Najua." Hakupaza sauti, na mimi nilitamani apaze, avunje hata sahani. Aliisogeza tu pembeni, taratibu, isimwagike.

Alibaki bohari. Sasa alibeba magodoro kweli, na wageni wakija meneja hakumwita tena. Dada alitaka kuacha kufua, yeye akamkataza: "Zifue. Usipofua wewe atafua mwingine." Hotuba ya bafuni sikuisikia tena. Na hamu ya kula haikurudi. Alikuwa akigusa vijiko viwili vitatu, anashukuru, anainuka. Daktari alimpima kila kitu, akasema hana ugonjwa. Dada alipika kila alichojua kupika, kisha akakaa mezani akitazama kinavyopoa.

Ilipokaribia mechi ya mwisho wa msimu tulikuwa tumemaliza kuanika, tukaingia ndani kuweka mabeseni. Tuliporudi uani Mlingoti alikuwa amesimama chini ya kamba, amevaa namba nane, bado mbichi, maji yanamchuruzika kiunoni. Haikumkwama popote. Pale ubavuni dada alipokuwa amepunguza, palikuwa na nafasi ya kuingiza mkono.

"Bibie, ona," akasema. "Imeingia."

Mlingoti aliishika kwa mbele, akaivuta kumwonyesha jinsi ilivyobaki nafasi, akangoja. Alipoona hajibiwi aliivua mwenyewe, akaikung'uta, akaianika tena na kuibana vibanio sawasawa, kwa sababu kesho yake ilikuwa na mechi.