Binti Yangu Anataka Nimkande, na Mgongo Wangu Hauwezi

Asalaam aleikum, wasomaji. Nimeomba jina langu lifichwe, kwa kuwa Msambweni ni padogo na maneno hayalali. Nina miaka arobaini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu.

Zamani nilikuwa na rovu, tezi ya shingo iliyovimba. Nilikonda, nikawa natetemeka, moyo ukinienda mbio hata nimeketi. Nilihangaika na mitishamba miaka mingi kabla ya kupelekwa Mombasa, nikatibiwa, uvimbe ukanywea shingoni. Nikanenepa, watu wakanipongeza, nami nikajiona nimepona.

Kumbe bado. Nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, watalii walipokuwa wengi, kabla ya vurugu za mwaka juzi kuwafukuza huku pwani. Nikainua godoro, mkono ukavunjika kama kijiti cha muhogo. Mwaka jana nikainua ndoo ya maji, mgongo ukalia ko. Daktari akaniambia, "Mama, homoni za ile tezi zilipozidi zilikula mifupa yako. Ugonjwa umekwisha, lakini mifupa haikurudi ilivyokuwa. Usiiname, usiinue kizito." Nimechoka kulieleza jambo hili. Mume wangu hunitazama nilivyo mnene akasema, "Rovu lenyewe li wapi? Sema umechoka kazi."

Sasa binti yangu aliyeolewa Majoreni atajifungua mwezi ujao, uzazi wa kwanza. Kwetu mama ndiye hukaa na bintiye siku arobaini, akamkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo, akamwosha mtoto. Kazi yote ni ya kuinama. Nilimwambia nitamtafutia mkandaji hodari. Akalia.

"Mama, mkandaji wa nini nawe u hai? Mama mkwe atasema sina kwetu."

Sikumwambia habari za mgongo. Mja mzito hapewi maneno ya kumtia hofu, na likimpata la kumpata, lawama ni yangu. Mkoba nimeufunga, nikaufungua tena.

Nikienda nitainama, najijua. Siwezi kumsikia mwanangu akiugua kwa maumivu nami nimekaa kitako. Na nikivunjika kule, yeye na uzazi wake mbichi ndiye atakayeinama kuniosha mimi, huku mtoto akilia kitandani.

Akina mama wenzangu, nipeni shauri. Niende, au nimwache mwanangu asemwe kwamba hana mama?