Sebule Yenye Magurudumu

Mzungu wa mradi wa maji alipokwenda kwao kwa likizo ndefu, alituachia gari lake la kulala: lori dogo lenye vitanda, jiko la gesi, sinki na mapazia. Baba alikuwa dereva wake, kwa hiyo ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Mbele ya nusu ya kijiji, akaapa kwamba mwenye gari atalikuta kavu kama alivyoliacha. Kiapo hicho alikitoa mwezi wa sita, huku kwetu juu ya Nyeri, ambako mwezi wa saba hata soksi haikauki. Lakini baba hakuwa mtu wa kuzuiwa na hali ya hewa.

Kwa maoni yake, kulitunza gari ni kulifunga. Alifunga madirisha, akafunga na kile kidirisha cha paani, akaziba matundu ya chini ya mlango kwa magazeti, kisha akalivika lote karatasi ya nailoni na kuikaza kwa kamba za katani. Mama aliagizwa atandaze vitambaa vyake vya kufuma juu ya viti. Likawa kama sebule zote za kwetu: safi, lina kufuli, na marufuku kwa wenye nyumba.

Wageni, bila shaka, walikuwa jambo jingine. Kila Jumapili baada ya ibada baba alikunja nailoni upande wa mlango, akawaingiza wazee wa kanisa na wake zao, akafunga mlango ili baridi isiwafuate, na kuchemsha chai humo humo. Sufuria ilitoa mvuke, wazee wakaomba kwa kirefu, wote wakapumua. Vioo vikatoa jasho. Mzee mmoja alisifu joto la humo ndani. Walipoondoka, baba aliufungia mvuke wote ndani tena, vizuri kabisa, usije ukaibiwa.

Maji yalipoanza kuchirizika ukutani, baba alilaumu ukungu wa mlimani. Mama alimwambia afungue dirisha. Akajibiwa kwamba unyevu unatoka nje, sasa aufungulie njia? Sisi watoto tulipewa kazi ya kupanguza. Tulipanguza, kisha tukaanika matambara humo humo, kwa kuwa nje kulikuwa na unyevu.

Mzungu aliporudi, baba alivaa koti lake la harusi. Mlango ulipofunguliwa, harufu ilitoka kwanza. Magodoro yalikuwa yameota kuvu ya kijani, mbao za kabati zimevimba, na vitambaa vya mama vina madoa meusi. Baba hakujua aweke wapi mikono. Nilimwonea huruma, na iliniuma kumhurumia.

Mzungu alikuwa mtu wa adabu. Alikohoa, akageuka kutafuta jambo lingine la kuzungumzia, akaliona ghala letu la mahindi, limeinuliwa juu ya nguzo, kuta zake za fito zenye nafasi katikati. Akauliza mahindi hukaaje humo bila kuoza, na baridi yote hii.

Hapo baba alipata nguvu. "Mahindi haitaki kufungiwa," alisema. "Ukifungia inatoa jasho, inaoza. Lazima upepo ipite, iingie hapa, itokee pale. Hata mtoto anajua hiyo."

Mkono wake ulikuwa bado umeelekea ghalani. Aliushusha polepole, akaingia garini, na bila kumwangalia mtu akaanza kufungua madirisha, moja baada ya jingine.