Mkono Wangu na Ushindi Wake

Sijawahi kumwona mwanamke Birmingham aliyerusha mpira kunishinda, na sisemi hivi kwa kujisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mkono wangu sikuwahi kuutembeza. Jumamosi asubuhi tulipokuwa mazoezini, wazee waliokatiza bustanini wakitoka kununua bamia na mikate Ladypool Road walikuwa wakisimama na mifuko yao kunitazama. Mpira ukinitoka mkononi, mzee mmoja alikuwa na desturi ya kusema "Mashallah" kwa sauti, halafu anaendelea na safari yake. Siku nyingine zote za wiki nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nilikuwa nikiwageuza, nikiwaogesha na kuwabadilishia mashuka, kazi ya halali na yenye thawabu, lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama kunitazama nikiifanya. Basi kiangazi kile nilitaka kitu kimoja tu duniani: mrushaji wa timu niwe mimi.

Timu yetu ilikuwa ya wanawake tu, karibu wote wa Afrika Mashariki, na mchezo wenyewe ulikuwa ule mpira wa Kimarekani, ila ule wa kistaarabu, usio na kuangushana. Kila mchezaji anavaa mkanda wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia, na mpinzani akikuchomoa kimoja umekamatwa, mchezo unasimama; ukivuka na mpira mstari wa mwisho wa wapinzani, mmepata alama. Kocha alikuwa Mwingereza wa makamo aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka kilipofungwa. Mchezo huo aliupenda tangu ujana wake, na alipojikuta na siku nyingi zisizo na kazi, akabandika tangazo kwenye duka la kufulia nguo pale Stratford Road. Wa kwanza kumpigia simu alikuwa Mkenya mmoja, nesi wa hospitali, na ni yeye aliyetukusanya sisi wengine. Mmoja alimtoa kanisani, mwingine kituo cha basi, na mimi alinikuta kwenye foleni ya kununua nyama. Sote tulimwita Nesi.

Katika mchezo huo yupo mtu anayeitwa kwotabeki. Huyu ndiye anayepewa mpira kwanza, anatazama wenzake wanavyokimbia, anaamua nani atupiwe, kisha anarusha. Timu nzima inamtegemea. Sisi tulikuwa na makwotabeki wawili, mimi na Nesi, na kocha alikuwa akituchezesha kwa zamu.

Mkono wangu niliupatia Tanga, kwenye rede. Mwanamke yeyote aliyekulia kwetu anaujua mchezo huo: wasichana wawili wanasimama huku na huku, wa tatu yuko katikati na chupa yake anaijaza mchanga, na wale wawili wanamlenga kwa mpira wa soksi kuukuu zilizoshindiliwa vitambaa. Akipigwa ametoka. Mtaani kwetu kudaka hakukuwepo, ustadi wa aliye katikati ulikuwa kukwepa, na mimi nilikuwa simkosi mtu. Wasichana wa mtaa wa pili walikuwa wakiniona nimeshika mpira wanasema wameitwa nyumbani. Nilipofika Uingereza mtu mzima, nikapewa ule mpira wenye umbo la yai, mkono haukuuliza swali. Ulirusha tu.

Nesi sasa. Alikuwa anakaribia arobaini, goti moja bovu, na mpira wake ulikuwa ukienda unayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Nilicheka mara ya kwanza nilipouona. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Nesi akirusha tulikuwa tunashinda. Hatukushinda kwa uzuri wala kwa mbali, lakini tulikuwa tunashinda. Nikirusha mimi, watazamaji walikuwa wanapiga makofi, na mwisho wa mchezo tunakwenda kuwapongeza wapinzani.

Lawama zangu niliwapa wadakaji. Niliwapelekea mpira mpaka kifuani, ulionyooka, wa kasi, nao wakauacha upite. Mmoja wao, msichana wa Kikenya aliyekuwa akisoma chuo kikuu, miguu myepesi kama paa, aliniudhi kuliko wote. Alikuwa anafika pale pale anapotakiwa, ananyoosha mikono, na mpira ukifika yeye hayupo. Nilimwita mwoga mbele ya watu, tena si mara moja. Kocha naye alidhani tatizo ni vidole, akawapa mazoezi ya vidole.

Ubishi wetu ulikuwa hauna mwisho. Baada ya mazoezi tulikuwa tunakusanyika kwangu Sparkbrook, chumba kimoja na jiko, tunakunywa chai ya tangawizi na kugombana. Mimi nilikuwa na hoja zangu na ninazo hadi leo. Nilisema ushindi ni wa watu watano uwanjani, utampaje mtu mmoja? Leo mpinzani mbovu, kesho upepo, keshokutwa mwamuzi kalala. Mkono lakini ni wa mtu mwenyewe, haubahatishi. Mtanzania mwenzangu mmoja aliniunga mkono kwa kuwa ni wa kwetu, Wakenya wakawa upande wa Nesi kwa sababu hiyo hiyo, na ikawa kama bunge. Nesi mwenyewe alikuwa anaosha vikombe vyangu huku akimuuliza mmoja wetu kama mtoto wake homa imeshuka.

"Miye nahesabu tu," alisema siku moja mama wa Kikongo, mdakaji wetu mwingine, mwenye watoto watatu na asiyependa mizunguko. "Na huyu tunashinda. Na weye wanatupigia makofi. Vraiment, kweli kabisa, uchague."

Nilimwambia hajui mpira. Akaniomba sukari.

Wiki chache baadaye, tukiwa mazoezini, Nesi alinivuta pembeni. "Wewe, my dear," alisema, "unarusha hii mpira ni kama unataka kuua mtu. Si upunguze kidogo? Hawa ni watu wako."

"Dada," nikamjibu, "mimi siwezi kuharibu mkono wangu kwa ajili ya watu wasiojua kudaka."

"Sawa," akasema, na akarudi kuwafunga wenzake mikanda. Nilijiambia ni wivu. Mtu mwenye goti bovu na mpira wa kilevi angesema nini kingine? Wiki iliyofuata alinirudia tena na maneno yale yale, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Ikaja mechi ya mwisho ya kiangazi, dhidi ya timu ya Coventry. Mshindi angekwenda kucheza na timu za miji mingine, aliyeshindwa angekwenda nyumbani kufua jezi. Wale wa Coventry walikuwa na walinzi warefu kama nguzo za umeme, na kocha aliona mpira wa polepole wa Nesi ungechumwa hewani kama embe. Alitukalisha kwenye nyasi akasema siku hiyo anahitaji kasi, na kwa hiyo nitarusha mimi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilimtazama Nesi nione kama atanuna. Hakununa. Alisali sala yake ya Kikristo, mimi na wenzangu Waislamu tukasema amina kwa adabu, kisha akaniwekea mkono begani. "Enda ukarushe," akasema.

Nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Niliuchomekea ushungi wangu vizuri ndani ya jezi, nikaingia uwanjani nikiwa na hakika kwamba siku yangu imefika.

Mpira wa kwanza niliurusha vizuri kuliko wowote niliowahi kurusha. Ulipita katikati ya walinzi wawili warefu wala hawakuugusa, ukamfuata yule mwanafunzi kifuani, ukapita, ukaanguka nyuma yake. Wa pili hivyo hivyo kwa mama wa Kikongo, ambaye aliugusa kwa vidole akapiga yowe. Coventry wakaufikia mstari wetu mara moja, kisha mara ya pili. Sisi bado hatujapata kitu. Nilimfokea yule mwanafunzi mpaka mwamuzi akanitazama.

Karibu na mapumziko nikamrushia tena, na safari hii, kwa kuwa nilikuwa nimeshakasirika, sikuufuata mpira kwa macho. Nilimkazia macho yeye nione anafanya nini. Mikono aliinyoosha, macho yalikuwa wazi, hakuogopa hata kidogo. Kisha mpira ulipobakiza hatua mbili, kiuno chake kikajikunja, bega moja likashuka, tumbo likaingia ndani, na mwili wote ukapisha.

Mkunjo ule niliujua. Nilikuwa nimeuwinda utoto wangu mzima. Ni mkunjo wa msichana aliye katikati, na aliufanya vizuri sana, vizuri kuliko wasichana wote wa Tanga niliowahi kuwalenga. Hakuwa mwoga. Alikuwa ameufunza mwili wake tangu akiwa na miaka sita kwamba kitu kinachokuja kifuani kwa kasi namna ile hakidakwi, na mwili ulikuwa haujasahau. Mimi nilikuwa nikirusha kama nilivyofundishwa, naye anakwepa kama alivyofundishwa, na kiangazi kizima tulikuwa tukicheza rede mbele ya Waingereza bila kujua.

Niliona aibu. Nilikumbuka kila mara niliyomwita mwoga, na masikio yakanichoma.

Mapumziko yalipofika nilimwendea kocha nikamwambia anitoe. Akakataa katakata. Akasema mkono kama wangu hakuna timu nyingine inao, nisikate tamaa, vidole vyao vitapata moto. Ningemweleza vipi? Hakuwahi kusimama katikati na chupa ya mchanga. Nikamwacha, nikamfuata Nesi aliyekuwa akigawa vipande vya machungwa, nikamnyooshea mpira.

Hakuupokea. "Usiniletee huruma," alisema.

"Si huruma, dada. Wananikwepa."

Alicheka, lakini si kwa ubaya. "Ni kati," akasema, kwa jina wanaloipa rede kule kwao Kenya. "Wewe unatuchezesha kati. Hata mimi ukinirushia nasikia tumbo ikiingia ndani. Sisi wote."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ungenisikia?"

Nilikuwa na majibu mengi, kama kawaida yangu, lakini hakuna lililokuwa la kweli. Nikamwekea mpira kwenye kwapa nikaenda kukaa nje ya mstari.

Kocha alipomwona Nesi anaingia alishika kichwa, ila wachezaji walikuwa wameshamzunguka na mwamuzi ameshapuliza. Mpira wake wa kwanza ulinyakuliwa na mlinzi mrefu, kama kocha alivyohofu. Nilikiri moyoni kwamba nilifurahi, na nikajichukia kwa kufurahi. Baada ya hapo Nesi akaacha kurusha mbali. Alimwita kila mmoja kwa jina la nyumbani, akamwambia aende wapi, na akarusha vile vimpira vyake vya kulewa, hatua nne, hatua sita, mahali ambapo hapakuwa na mtu mrefu. Vilifika vikiwa vimechoka. Yule mwanafunzi alivipokea kwa mikono yote miwili bila kiuno kujikunja hata kidogo, na akishapokea nani angemkamata? Alifika mstari wao mara moja, akafika tena. Tukawa sawa.

Niliitazama ile mipira na kila kiungo changu kilitaka kuirekebisha. Kiwiko kiko chini! Mguu umekaa vibaya! Na kila mpira ulidakwa. Mwishoni kabisa Nesi alibanwa na walinzi wawili, goti likamsaliti, akaurusha mpira akiwa anaanguka. Nimewahi kuona watu wakitupa takataka kwa ustadi zaidi. Mama wa Kikongo aliukumbatia tumboni kwa mikono yote miwili, akatembea, hata hakukimbia, akavuka mstari. Mwamuzi akapuliza.

Nilipiga kelele na wenzangu mpaka sauti ikakauka. Halafu wakamnyanyua Nesi, na mimi nikajitenga nyuma ya gari la kocha nikalia. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa sababu mtu anayejua kitu chake vizuri anapoona kinashindwa na kibaya, moyo unauma, na asiyeumwa hajawahi kujua kitu vizuri. Yule mwanafunzi alinikuta pale. Nikamwomba msamaha kwa kumwita mwoga. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba ni sawa, mama yake naye hufoka hivyo hivyo.

Tulipokaa kwenye nyasi kuvua viatu, kocha alikuja na karatasi yake. Bado alikuwa na hasira nami kwa kumvunjia amri, na bado aliuamini mkono wangu, nilimwona usoni. Alisema timu zinazokuja ni kali kuliko Coventry, ana wiki tatu, na kama wadakaji wakifundishwa upya kuna mtu mmoja tu hapa anayeweza kurusha mpira wa kushinda ubingwa. Alikuwa akinitazama mimi. Wote wakanitazama. Nesi alikuwa ameinama anafungua bandeji ya goti, wala hakuinua kichwa. Nilijua alikuwa ananiachia nafasi, kwa kuwa ndivyo alivyo, na kwamba nikiitaka hatasema neno.

Niliitaka. Nilikuwa bora kuliko yeye, na kila mtu aliyekaa pale alilijua hilo.

"Andika jina la Nesi," nikamwambia kocha, "na mimi unifundishe kudaka."