Kiti cha pili cha ndege

Jumamosi nilimsindikiza mfanyabiashara wa samaki kwa mzee mmoja tuliyemwita Papa, fundi wa reli aliyestaafu. Alikuwa anauza ndege aliyoiunda mwenyewe uani, yenye injini ya Volkswagen.

"Papa, mi nataka moteri tu, ya mutumbwi," mteja alisema. "Mabawa nitafanya nayo nini?"

Papa alipangusa kiti cha pili, ambacho bado kilikuwa na plastiki ya dukani. "Ikala kwanza hapa, karibu yangu. Kidogo tu."

Wakakaa wote wawili, ndege iko chini, mteja ameshika kola ya koti lake la abakosti kana kwamba kuna upepo. Kisha Papa akashuka.

"Sasa fungua moteri, uende nayo."

Mji mzima wa Kalemie tulimpungia mikono kila alipopita na ndege hiyo peke yake juu ya ziwa. Hakuna aliyewahi kumwomba lifti, sisi tunaodandia hata lori la saruji la Kabimba.